Nyevu na Ukoko wa Kitumbo

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa! Hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Kalume, toa mguu kwenye kuni. Zamani hizo, bibi yangu hajaota hata jino, palikuwa na mwanamke jina lake Nyevu. Mume hana, mtoto hana. Alikuwa na mbwa wake tu, Kitumbo. Kila jioni Nyevu akimaliza kula, hukwangua sufuria kwa kifuu, kwaru, kwaru, na Kitumbo hupewa ukoko. Kila siku ya Mungu.

Siku moja radi ikapiga mnazi uani. Paa! Kitumbo akatoka mbio, akatokomea porini. Na huko porini alikaa Chui mzee, meno mawili, miguu mibovu. Kukimbiza hawezi. Kazi yake kukaa kichakani ng'ambo ya kijito, kinywa wazi, amngoje anayejileta.

"Mvivu huyo!"

Mvivu, lakini anakula.

Asubuhi Karisa mwindaji akasema, "Dada Nyevu, niachie mimi." Akabeba wavu, akaingia porini akipiga kelele, "Kitumbo! Kitumbo!"

Kitumbo akatetemeka. "Miguu inakuja, miguu mibaya! Sauti inakuja, sauti mbaya! Kitumbo, kimbia!" Akavuka kijito.

Chui akacheka. "Ahsante, Karisa. Mlete, mlete."

Siku ya pili kijiji kizima kikatoka, na madebe, na filimbi. Nyevu naye akaita mpaka sauti ikamkauka. Kitumbo akasemaje?

"Miguu inakuja, miguu mibaya! Sauti inakuja, sauti mbaya! Kitumbo, kimbia!"

Hapo hapo! Akakimbia mpaka zikabaki hatua kumi tu afike kwa Chui.

"Kitumbo hakumjua hata Nyevu, bibi?"

Hata Nyevu. Kwani wewe ukiogopa sana unamjua nani? Na Chui akajilamba. "Ahsanteni, wanakijiji. Mleteni, mleteni."

Siku ya tatu Nyevu akasema, "Leo mtu asinifuate." Akasonga ugali, akala kidogo, akajitwika sufuria yenye ukoko wake. Watu wakaangua kicheko. "Maskini! Anakwenda porini kuosha vyombo!"

Akavuka kijito. Hakuita. Hakutazama huku wala huku. Akaketi chini, akaligeuzia pori mgongo, pamoja na Chui wake, akaanza kukwangua. Kwaru. Kwaru.

Kitumbo akainua sikio. "Miguu haiji. Sauti haiji. Mbona pananukia nyumbani?" Akasogea hatua moja. Akalala. Akasogea tena.

Jua likapanda mpaka utosini. Siafu wakamuuma Nyevu miguu, asitikisike. Jamani, mwanamke yule! Mimi bibi yenu ningeruka mpaka mawinguni. Yeye, kwaru, kwaru.

Mara pua baridi ikamgusa kiwiko. Bado hakugeuka! Akaweka ukoko pajani. Kitumbo akala. Ndipo polepole akamzungushia kanga shingoni, akafunga fundo. Siku tatu Nyevu hakutoa chozi. Sasa akalia, lakini kimyakimya, asimshtue.

"Na Chui?"

Chui akanung'unika, "Leo hakuna wa kuniletea?" Njaa ikamhamisha pori.

Karisa alipowaona wakirudi alitaka kupiga kelele za furaha. Nyevu akamkazia macho. Jitu zima lile likaziba mdomo kwa mikono miwili, likaketi topeni pwata! Kitumbo akamnusa, akapita.

Basi wajukuu zangu, aliyeingiwa na hofu msimkimbize, hata kama mnampenda. Kaeni chini, mumngoje. Nyevu aliliweza hilo, nami namsifu mpaka leo.

Hadithi yangu imeishia hapo, na sufuria imebaki tupu. Sasa Kalume, yule paka uliyemkimbiza mchana bado yuko uvunguni. Kachukue kisahani chake, ukaketi.