Nyumba ya Kiboko Iliyochorwa kwa Majivu

Hapo kale, wanyama walipokuwa na milango na mapazia kama sisi, Pimbi alikuwa anafua mashuka, povu limemfika viwikoni, Mama Kanga akaja mbio kilemba kimemlegea.

Kwanza mjue huyo Pimbi ni nani. Ni mnyama mdogo wa mawe ya mlimani, hana mkia, na kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba. Mwaka ulipoanza ofisi yake ilikuwa ufa wa jiwe, yeye na kipande cha mkaa. Akamchorea Kicheche jiko lisilojaa moshi, sifa zikaenea, wateja wakaja. Akamwajiri Mnana, ndege fundi wa kusuka paa, wakahamia ofisi yenye dirisha. Wakachora kibanda cha soko, wakachora daraja la njia ya kisimani.

Sasa walikuwa wamewaahidi wazazi nyumba ya watoto, ya kushinda wakati mama zao wako kwenye riziki. Hiyo walijitolea. Miti ilikuwa tayari, nyasi tayari, na uwanja ni ule wa kando ya mto, mahali palipoinuka. Kilichobaki ni sakafu. Udongo wa pale ulikuwa tifutifu, na kanga wote walikuwa wameushindilia kwa miguu yao mpaka wakachoka, ikabaki michoro ya kucha tu. Masika yalikuwa yananukia. Yakikuta vifaranga nje, mafuriko yatawachukua kama mwaka uliopita.

Basi Mama Kanga akasema Kiboko amesimama katikati ya uwanja, anadai ni wake. Anataka kujenga jumba pale, na atakayechomeka mti wowote atakanyagwa yeye na mti wake. Tena amesema Pimbi ndiye atakayemchorea.

"Nawe ukamwambiaje?" Pimbi akauliza.

"Mimi? Nilimwambia shikamoo."

Pimbi akakamua shuka, akalianika, akasema atamchorea.

Mama Kanga akamtazama juu mpaka chini. "Ndiyo hayo. Mmepata dirisha, sasa mnawaona wakubwa tu."

Hata Mnana alikasirika. Alisema hatasuka jani moja juu ya kichwa cha Kiboko. Pimbi akamwambia hakuna aliyemwomba kusuka, akusanye majivu ya meko ya majirani wote na kamba ndefu.

Asubuhi, kanga wakiwa wamejipanga mitini kutazama, Kiboko alipotoka majini alikuta uwanja mzima umechorwa kwa mistari ya majivu: sebule, ukumbi, vyumba, korido, baraza.

"Mbona nyumba yenyewe haina kuta?"

"Kuta zinakuja, mzee wangu," Pimbi akasema. "Mkubwa huijaribu nyumba yake kwa miguu kwanza. Akiona chumba kinambana, tunafuta majivu. Tukishajenga, tutafuta nini?"

Kiboko akaona hilo ni neno la heshima. Akaingia. Ndi, ndi, ndi. Akatoka sebuleni akakata moja kwa moja kwenda chumbani.

"Samahani, mzee. Umepita ukutani."

"Ukuta gani?"

"Huo ulioufuta kwa tumbo. Mtu mwenye jumba hapiti ukutani kama panya. Rudi mlangoni."

Akarudi. Ndi, ndi, ndi. Mnana akarudishia majivu. Pimbi akasema korido inataka mwendo wa kishindo, maana wageni wakiwa barazani lazima wasikie mwenyewe anakuja. Kiboko alipenda sana hilo. Akapiga mguu, ndi, ndi, akageuka, akapiga tena. Pimbi akamwomba ajaribu kona za sebule, zisije zikawa finyu. Akazijaribu zote. Jua likapanda.

"Mto uko wapi kwenye nyumba hii?" Kiboko akauliza. Mgongo ulikuwa umeanza kumkauka.

"Uko nyuma ya ukuta wa chumba chako."

"Mlango wake?"

"Upande huo hatukuweka, kwa heshima yako. Mkubwa hatokei uani kwenda kuoga na vyura. Unapita korido, ukumbi, sebule, baraza, ndipo unazunguka nje."

Kiboko akapita korido, ukumbi, sebule. Alipofika barazani ngozi ilikuwa inapasuka kama tope la kiangazi, na Pimbi akamwambia kwa upole kwamba pale ukumbini amegusa ukuta kidogo, tafadhali arudie.

Kiboko hakurudia. Alikata sebule, akakata chumba, akavuka majivu yote, chubwi, maji yakaruka mpaka kwenye miti.

Pimbi akamfuata ukingoni. "Mzee wangu, umebomoa jumba zima. Tulichore upya?"

"Sitaki jumba. Uwanja wenu, chukueni."

"Kanga wa nyuma hawajasikia."

"Chukueni!" Kiboko akanguruma, na kila mmoja akasikia.

Mama Kanga akashuka uwanjani. Akagonga chini kwa ukucha: ko, ko. Akagonga pengine: ko, ko. Udongo ulikuwa mgumu kama chungu kilichochomwa. Akamtazama Pimbi kwa aibu, akaenda kuleta miti.

Kabla masika hayajaanza nyumba ilikuwa imesimama. Kiboko akatoa pua majini akauliza nani aliwapigia sakafu nzuri hivyo. Mnana akajibu kutoka juu ya paa kwamba ni fundi mmoja mzito, hakutaka hata asante. Kiboko akawaza kidogo, akaelewa, akazama.

Jioni mvua ya kwanza ilipoanguka, uji wa mtama ulikuwa umeshapakuliwa ndani. Mama Kanga akampa Pimbi bakuli la kwanza, ndiyo ikawa samahani yake. Kisha akapita akihesabu vifaranga, kichwa kwa kichwa, mpaka yule aliyesinzia chini ya meza. Wote walikuwapo.

Mwenye nguvu usimpe vita, mpe kazi.