Usukani wa Boti ya Mize

Haya, kaeni vizuri, na anayesinzia akalale kwao, maana leo sisimulii bure: nataka jibu. Kisiwani Kipandeni walikuwako watu watatu. Vuai alijua maji. Hata umwamshe usingizini, atakwambia yamefika jiwe lipi. Time, mwindaji pweza, alijua chini ya maji. Akizama, pumzi yake ndefu mpaka unaanza kumsomea dua. Haji yeye alijua miti na boriti. Nyumba zote za pale zilisimamishwa na mikono yake. Na alikuwako Mize, mzaliwa wa hapo anayeishi mjini, na huyo ndiye mwenye shida.

Mize alikuwa mjane. Mumewe alizama miaka mitatu nyuma, katika mashua iliyoongozwa na Haji, kaka wa marehemu, na tangu siku hiyo Mize hakumpa Haji hata salamu. Alichoachiwa ni boti moja ya matanga, ya kizungu, yenye mkuku mrefu chini ya tumbo lake. Kwa boti hiyo alitembeza wageni na kulisha wanawe. Usukani aliushika mwenyewe, na alikuwa hodari, tena alijijua.

Asubuhi moja akaingia bandari ya Kipandeni kumjulia hali shangazi yake. Bandari ile maji yakitoka sana hubaki mawe na mchanga. Mize akahesabu vidole: leo mwezi kumi na tatu, maji yatabaki ya kutosha. Akatia nanga penye mwamba, akaenda zake kunywa uji. Kumbe alihesabu mwezi wa mjini, ule unaotangazwa redioni! Kipandeni ulikuwa umeandama siku moja kabla, na maji, jamani, hayasikilizi redio.

Vuai ndiye aliyeiona boti akajua inakoelekea. Akamfuata mpaka jikoni kwa shangazi, akamwambia leo mwezi ni kumi na nne na uji ungoje. Mize akatoka mbio.

Alikuta maji yamefika kifuani na mkuku umeanza kugonga mwamba. Akavuta amari, ile kamba ya nanga, lakini nanga haing'oki. Imenasa ndani ya shimo la mawe. Watu wamejaa ufukweni. Mize akasahau ushupavu wake wote, akalia mbele yao, kisha akasema neno ambalo mpaka leo linamkosesha raha:

"Atakayenisalimishia chombo hiki, usukani wake nitamkabidhi yeye. Mungu shahidi, na nyinyi nyote."

Wakati huo Time alikwisha kuwa chini ya maji akiinasua nanga, hakusikia lolote. Alizama mara nne. Ya nne akatoka kiganja kimechanika na nanga imefunguka, watu wakaisukuma boti mpaka kwenye mchanga.

Lakini boti ya mkuku haisimami pakavu. Maji yakazidi kutoka, nayo ikaanza kulala ubavu, upande wenye mawe. Haji alikuwa amesikia nadhiri. Alikimbia kwenye nyumba aliyokuwa akimjengea binti yake, harusi Ijumaa, akazing'oa boriti zote, akaja nazo akaitegemeza boti huku na huku kwa magadi, miti ya kuizuia isilale. Alikaa chini yake mpaka maji yaliporudi, akikaza gadi hili na lile, mzigo wote juu ya kichwa chake. Mize alimtazama roho ikimuuma. Alitamani aliye chini pale angekuwa mtu mwingine yeyote.

Alasiri boti ikaelea, nzima. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Vuai akasema asingemfuata Mize jikoni, nadhiri yenyewe ingewekewa mbao zilizovunjika. Wengine wakamjibu kwamba yeye alitenda kabla ya ahadi, hivyo haimhusu. Time akasema yeye hakuzama kwa ahadi ya mtu. Je, asiyefanya kwa ujira ndiye anyimwe? Haji alikuwa wa mwisho, na hakuinua macho.

"Shemeji, mimi nilisikia, na usukani niliutaka. Tangu siku ile hakuna anayenipa chombo. Na nyumba ya mwanangu ndiyo hiyo, imeloa chini ya boti yako."

Mize akayapima moyoni. Kumpa Haji ni kukaa abiria wa mikono iliyompoteza mumewe. Kumnyima, hajui atakuwa ametenda haki au amelipa kisasi. Na yeyote atakayempa, yeye mwenyewe usukani keshaupoteza, na jina la Mungu limekwisha kutajwa.

Wako pale majini watatu wote, wanamtazama. Maji yamejaa, muda si mrefu yataanza kutoka tena, na boti lazima iondoke na mtu mmoja usukanini. Mimi yangu nimemaliza. Wewe uliyenyamaza hapo nyuma, ungekuwa Mize, ungemwita nani apande?