Bwana Fisi Asoma Mkataba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakisonga ugali na kusutana na majirani kama sisi, palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Fisi. Kazi yake kukopesha mtama, na duka lake aliliita Nyumba ya Huruma. Huruma ya fisi! Hebu nicheke kidogo. Kwi! Kwi!

Ukienda kukopa, alivaa miwani isiyo na vioo, akatoa jani kavu la mgomba lililochorwachorwa kwa mkaa, akasoma mbiombio: "Kifungu cha kwanza, brrr! Cha pili, brrr! Weka wayo hapa!" Nao wajinga wale wakaweka. Kwato, kucha, vidole, pa! pa! pa! Kuuliza waliona haya. Nani anataka kuonekana mshamba mbele ya miwani?

Bi Kanga naye aliweka. Mjane wa watu, mvua zinakaribia, mbegu hana. Alikopa vibaba vitatu vya mtama. Akarudisha vitatu, akarudisha vitatu vingine, na bado akaambiwa deni halijaisha. Siku ya marejesho ilipofika tena, Bwana Fisi akaja na Nyati, mbabe wake wa kuvunja milango.

Kindi, jirani wa Bi Kanga, alikuwa jikoni akikaanga kumbikumbi. Akasikia mlango wa jirani unaanguka, puu! Akachungulia dirishani.

"Kifungu cha tisa!" Fisi alikuwa akifoka. "Asiyemaliza deni, kila kilicho chini ya paa lake ni changu. Lete mayai!"

"Mayai!" Bi Kanga akayafunika kwa mabawa. "Baba yangu, bado siku mbili yaanguliwe! Chukua sufuria, chukua kitanda!"

"Sufuria hailiwi," akasema Fisi, udenda unamtoka. "Uliweka wayo, hukuweka? Nyati, mtoe hapo!"

Kindi manyoya yakamsimama kwa hasira. Mama mzima analia sakafuni, na majirani wamejaa uani wakitazama miguu yao! Lakini angefanya nini? Nyati angemkanyaga asijue kama amekanyaga kitu. Mara jicho likatua kwenye jani alilofungia kumbikumbi jana yake, limelowa mafuta, limetobolewa na viwavi. Akalinyakua, akatoka mbio hadi ndani kwa Bi Kanga.

"Shikamoo, Bwana Fisi!"

"Marahaba. Unataka nini? Huoni nina kazi?"

"Naona, bwana. Ni huu mkataba wangu tu. Kusoma sijui. Nisomee mbele ya hawa, wapate kujifunza kuheshimu mikataba."

Sifa bwana! Fisi akavimba kichwa, akaweka miwani sawa, akalishika jani.

"Ehee! Brrr! Kindi amekopa vibaba ishirini."

"Ishirini! Una hakika?"

"Imeandikwa! Kifungu cha nne, riba kila mwezi unapoandama. Kifungu cha tisa, kila kilicho chini ya paa lake, brrr!"

"Na wayo wangu upo?"

"Huu hapa!" Fisi akagusa doa la mafuta.

"Na hapa palipotoboka?"

"Hapo ni muhuri, mjinga wewe!"

Kindi akarukia juu ya kinu. "Majirani! Mmesikia? Mimi kwa huyu sijakopa hata punje! Jani hili nilifungia kumbikumbi. Wayo ni mafuta, na muhuri ni kiwavi! Njooni mnuse!"

Nyati akanusa. Akanusa tena. Wanangu, Nyati hakuwa na roho mbaya, alikuwa mzito wa kichwa tu, mzito hasa. Naye aliwahi kukopa kibaba kimoja, na misimu minne sasa alikuwa akivunja milango ya wenzake ili kulipa hicho kibaba kimoja.

"Bwana Fisi," akasema polepole, "wangu mimi unasemaje?"

"Ndugu yangu Nyati, mambo ya vifungu ni marefu, tutaongea dukani..."

"Soma."

Fisi akatoa jani la Nyati mkobani. "Brrr... kifungu cha sita, utumike misimu saba."

"Juzi ulisoma misimu mitano."

Fisi akatazama mlango, kisha akatimua mbio. Nyati nyuma yake, ti! ti! ti! Na wale majirani, ndipo wakapata sauti: "Mwizi! Mwizi huyo!" Mashujaa hao! Hata mayai yangeliwa mbele yao, wangeendelea kuhesabu vidole vyao vya miguu. Fisi alikimbia hadi ng'ambo ya milima, na kijijini pale hakukanyaga tena.

Baada ya siku mbili mayai yakaanguliwa, vifaranga sita. Bi Kanga akaenda kwa Kindi kushukuru, machozi yanamlengalenga.

"Shukrani weka," akasema Kindi. "Niambie kwanza, shoga. Siku ile unaweka wayo, kwa nini hukumwambia asome taratibu?"

Bi Kanga akainama. "Niliona haya, mwenzangu."

"Haya hiyo ingekupotezea watoto sita."

Bi Kanga aliwakusanya wanawe chini ya bawa, akawahesabu mmoja mmoja.

Hadithi yangu inakomea hapa, na funzo lake ni hili: anayekuharakisha uweke wayo mahali usipopaelewa, anataka kula vyako.