Kwa Nini Kunguru Huiba Sabuni

"Vua hilo shati."

"Sivui, mama."

"Nasema vua! Lina wanga mbichi hilo, halijapigwa pasi. Na si lako."

"Ni la jioni moja tu. Yangeyange ana mashati kumi na mawili, hata hajui lipi liko wapi. Mimi ninalo lipi?"

"Una koti lako jeusi. Umezaliwa nalo."

"Koti bila shati ni la mbeba makaa," Kunguru akasema.

"Na wewe ni mbeba makaa," mama yake akajibu. "Mimi ni dobi. Kuna aibu gani hapo?"

Kunguru alikuwa na jibu, lakini lilikuwa baya, na wakati huo bado aliona haya kulitamka mbele ya mama yake. Akafunga kifungo cha mwisho, akageuka, akapanda ngazi. Mama yake akamfuata kwa sauti: "We mtoto! Likikukaukia mwilini hilo halitatoka!" Lakini maji yalikuwa yanachemka jikoni pake, na Kunguru hakusikia, au alisikia akajifanya hakusikia.

Ugomvi huo ulitokea ndani ya meli, zamani sana, wakati ndege walikuwa bado hawavuki bahari kwa mabawa. Mabawa yalikuwa ya kukunja mgongoni tu, kama shali. Baridi ilipoingia upande wa kaskazini, ndege walipanda meli moja kubwa yenye ghorofa saba, wakaja huku kwenye joto. Baridi ikiisha walipanda tena, wakarudi. Mama yangu ndiye aliyenisimulia kisa hiki, tukiwa tunafua, na alikisimulia bila kuinua macho kutoka kwenye beseni. Nitakieleza kama alivyonieleza.

Mchana ndani ya meli ile kila mtu alikaa alivyotaka. Njiwa walilala sitahani miguu juu, na Bata alizunguka na taulo kiunoni. Lakini jua likizama kengele ilipigwa, na hapo wote walikimbilia vyumbani kuvaa. Hakuna aliyekula chakula cha jioni bila nguo rasmi. Wanawake walivaa magauni ya kuburuta chini, na wanaume koti jeusi na shati jeupe lililokauka kwa wanga mpaka likigongwa linalia kama mlango. Bata alinunua viatu vya kung'aa vilivyombana, akawa anayumba, na anatembea vile hadi leo. Sheria hiyo ilitoka wapi, hakuna aliyejua. Walijua tu kwamba asiyevaa haingii.

Mlangoni pa ukumbi alisimama Korongo, kwa mguu mmoja, ili asichakaze soli zote mbili kwa mara moja. Hakuuliza mtu jina. Aliangalia kifua. Kifua kikiwa cheupe, unapita.

Chini kabisa ya meli, mahali pasipo na dirisha, kilikuwa chumba cha kufulia. Mama yake Kunguru alifanya kazi humo tangu Kunguru alipokuwa yai. Alimwatamia ndani ya kikapu cha mashati machafu ya wasafiri, akiinuka kwenda kukoroga sufuria na kurudi mbio kabla yai halijapoa. Alifua, akasuuza, akachemsha uji wa muhogo akauchuja, akachovya mashati humo, akayaanika nusu, kisha akayapiga pasi ya mkaa yakingali na unyevu kidogo. Hapo ndipo penye ufundi wote. Shati la wanga likikauka kwenye ubao wa pasi, linakuwa shati. Likikauka juu ya kitu kingine, linashikana nacho.

Kunguru alipokua alipewa kazi ya kubeba makaa ya pasi, na jioni kupeleka kikapu cha nguo safi juu. Ndipo alipoona ukumbi. Aliona taa nyingi, vitambaa vya meza, na samaki aliyeletwa mzima akiwa na limau mdomoni. Mwanzoni alirudi chini akamsimulia mama yake kila kitu, na mama yake alicheka huku akisugua.

"Limau mdomoni! Amefanya kosa gani, masikini?"

Wakacheka wote wawili. Lakini siku zilivyokwenda Kunguru aliacha kusimulia. Akaanza kuona mambo ambayo zamani hakuyaona. Aliona mikono ya mama yake iliyokunjamana kwa maji. Alisikia jinsi anavyopiga kelele akiongea, kwa kuwa amezoea kushindana na sufuria. Alipokutana na abiria kwenye ngazi alijinusa kifuani, kuona kama amebeba harufu ya chumba kile.

Sasa jioni ile ya shati alifika mlangoni, akainua kidevu. "Masalkheri, bwana."

Korongo akamtazama kifua. "Masalkheri. Karibu ndani."

Alipewa kiti karibu na Bibi Tausi, ambaye gauni lake lilihitaji viti vitatu. Bibi Tausi alipenda wageni.

"Sijakuona kabla ya leo, bwana. Umepanga ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu. Upande wa bahari."

"Kila upande ni wa bahari, bwana, hii ni meli," akasema Bibi Tausi, na meza ikacheka. Kunguru naye akacheka, ingawa masikio yalimwaka. "Na wazazi?"

"Mama yangu hapendi kusafiri."

"Ana bahati ya mtoto nadhifu. Hilo shati linang'aa! Nani anakufulia?"

"Hata sijui," Kunguru akasema. "Naliacha nje ya mlango likiwa chafu. Nikirudi nalikuta safi."

Alisema hivyo akipaka siagi kwenye mkate. Taa zilikuwa nyingi, na joto lake lilianza kulikausha shati. Alihisi linamkaza mabegani, kama mtu aliyemshika kwa nyuma. Akadhani ndivyo nguo za heshima zinavyokaa.

Huko chini mambo yalikuwa mengine. Yangeyange alikuwa amehesabu mashati yake, akakuta kumi na moja, akakataa kutoka chumbani. Korongo akamwachia mwenzake mlango na kuteremka mwenyewe mpaka chumba cha kufulia.

"Dobi, shati la Bwana Yangeyange liko wapi?"

"Litapatikana, bwana."

"Likipatikana kabla matunda hayajaletwa mezani, yameisha. Lisipopatikana, kesho asubuhi unashuka bandarini na vitu vyako. Hatuwezi kukaa na dobi anayepoteza nguo za watu."

Neno moja tu lingemwokoa. Angesema, analo mwanangu, na lawama ingepanda ngazi mpaka ukumbini. Hakulisema. Korongo alipoondoka, naye aliifuta mikono kwenye kanga yake ya kufulia, akapanda ngazi ambazo miaka yote hakuwahi kuzipanda. Alitaka kumwita mwanawe pembeni tu, amvue shati kabla halijakauka, alipige pasi, alirudishe kimya kimya. Yangeyange angekula, yeye angebaki na kazi yake, na Kunguru asingeguswa na mtu. Alipanga hivyo akipanda, huku povu likiwa bado kwenye viwiko vyake.

Korongo alimzuia mlangoni. "Dobi, huku si kwako."

"Neno moja tu, bwana. Sitaingia."

Akachungulia. Akamwona mwanawe chini ya taa, amekaa wima, kifua cheupe, anashika kisu na uma kama wenyewe. Mama yangu husema kwamba hapo yule mama alitabasamu, pamoja na shida yote iliyompeleka. Kisha akaita kwa sauti ndogo kuliko ile aliyozoea.

"Baba. Baba, njoo mara moja."

Vijiko vikasimama. Bibi Tausi akageuza shingo. "Jamani, baba wa nani tena? Dobi ana baba humu?" Meza ikacheka. "Bwana, mbona anakutazama wewe? Mnajuana?"

Kunguru alimwona mama yake. Aliona povu, kanga iliyolowa, na miguu isiyo na viatu juu ya zulia.

"Simjui," akasema.

"Anakuita."

"Amenifananisha."

Angeishia hapo ingekuwa kosa dogo. Lakini watu walikuwa bado wanamtazama, wakimtazama yeye kisha mlango, yeye kisha mlango, na aibu ilimzidi. Akaita, "Bwana Korongo, hebu mwondoeni huyo. Watu wanakula, naye ananuka sabuni."

Sasa hakuna aliyecheka. Korongo hakuwa mjinga. Aliutazama mdomo wa dobi, akautazama mdomo wa kijana. Aliiona midomo miwili myeusi isiyotofautiana.

"Dobi," akasema polepole, "sema kweli. Kijana huyu ni wako?"

Yule mama akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama sahani. Mama akaunga viganja mbele ya kanga, akatamka maneno machache kwa heshima, akashuka ngazi. Matunda yakaletwa.

Kunguru hakula. Alitoka, lakini hakwenda chini. Alisimama juu ya ngazi ya chumba cha kufulia akasikia sufuria haichemki tena, akageuka. Alijificha nyuma ya kamba za sitahani, akajaribu kuvua lile shati, ili angalau asishuke nalo. Halikutoka. Wanga ulikuwa umekauka na kushika manyoya ya kifua na ya shingo, unyoya kwa unyoya. Alivuta mpaka ngozi ikauma. Akajiambia atashuka asubuhi, atakapokuwa amepata la kusema.

Asubuhi honi ililia, naye akashtuka usingizini. Meli ilikuwa inaondoka bandarini. Aliona gati linarudi nyuma, na juu yake mama yake, mdogo, na furushi moja kichwani na mche wa sabuni mkononi, anatembea kuelekea kwenye nyumba za watu. Kunguru akaita. Alikuwa amelia mpaka usingizi ulipomchukua, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, ambayo mama yake asingeweza kuitambua. Hakugeuka.

Hapo Kunguru alifanya jambo ambalo ndege hakuwahi kulifanya. Aliyakunjua mabawa, akapanda juu ya ukingo wa meli, akajirusha. Alianguka kidogo, kisha hewa ikamshika. Ndege wengine walitoka vyumbani na nguo za kulalia wakamtazama akivuka maji, na ndipo wakajua kwamba inawezekana. Wakajaribu mmoja mmoja. Kila mwaka abiria walipungua, mpaka meli ile ikakosa wa kumbeba, na sheria ya mavazi ikafa nayo. Lakini Kunguru hakuwa anafikiria sheria. Alipotua gatini, mama yake alikuwa ameshaingia mjini, na mji ule ulikuwa na nyua nyingi, na katika kila ua palikuwa na mtu aliyeinama anafua.

Na tangu siku hiyo kunguru ana kifua cheupe na koti jeusi, amevaa kwa chakula cha jioni ambacho hakukimaliza. Ndiyo maana haishi mbali na nyumba za watu. Ukifua uani yeye hutua ukutani, akainamisha kichwa upande, akakutazama usoni, kisha mikononi. Ukigeuka tu, sabuni imekwenda. Wengine husema anataka kufua lile shati litoke. Mama yangu husema hapana, mbona hailoweshi? Huipeleka juu ya paa, akainusa, akaidonoa kidogo, kisha akaiacha ianguke, kwa kuwa ina harufu ile lakini si yenyewe. Kwetu tukiibiwa sabuni na kunguru hatumrushii jiwe. Tunakata kipande kingine, tunaendelea.

Na mlango ukiwa wazi, hata chakula kikiwa mezani na watu hawapo, kunguru hupenda kusimama kwanza kizingitini. Hutazama ndani, hutazama nje, kama anayesubiri aliyesimama hapo aseme tena, na safari hii aseme vingine. Lakini yule mama, alipoulizwa mbele ya watu wote kama kijana yule ni wake, alikwisha sema mara moja:

"Samahanini, waheshimiwa. Nimekosea mlango."