Ng'ombe wa Jumbe na Mguu wa Siwema

Hapo zamani, kabla ya jezi na filimbi, wanawake wa Lukwele walicheza mpira wa majani ya migomba. Na jina lililoimbwa lilikuwa moja tu: Semeni! Semeni akiinua kichwa, akapiga pasi ndefu, mpira ulivuka uwanja kama umetumwa. Tausi, mwenye mbio, aliufuata akafunga. Na Siwema? Siwema alisimama mbele ya Semeni, akipokea mateke yasiyo yake. Nani aliimba jina la Siwema? Hakuna. Haya, tuendelee.

Siku walipowashinda wanawake wa Ng'ambo, Jumbe wa Lukwele alitoa ng'ombe wa maziwa. "Ni wa mmoja," akasema. "Yule ambaye bila yeye msingeshinda."

"Basi nipeni kamba," akasema Semeni.

"Kamba gani, shoga? Pasi zako nisipozikimbilia, wanaziokota mbuzi!" akajibu Tausi.

"Mimi nina mapacha," akasema Siwema, akikanda goti. "Maziwa yangu hayawatoshi. Nami namdai ng'ombe huyo."

Jumbe akaamua: "Mtarudiana na Ng'ambo mara tatu. Kila mara mmoja wenu akae nje. Atakayevuka mstari akaingia uwanjani, dai lake limekufa."

Akakaa nje Semeni. Wakafungwa.

Akakaa nje Tausi. Pasi zikawaangukia mbuzi kwelikweli. Wakafungwa.

Akakaa nje Siwema. Semeni akapokea mpira. Kabla hajainua kichwa, akaangushwa. Akainuka, akaangushwa tena. Akainuka. Safari hii beki wa Ng'ambo, Mama Sikudhani, akamjia mbio, mguu juu.

Siwema akanyanyuka.

"Kaa chini, mwanangu!" mama yake akapiga kelele. "Ng'ombe! Watoto!"

Siwema akavuka mstari. Teke likatua kwenye muundi wa mguu wake, ukalia kama kuni kavu. Semeni akapata pumzi mbili. Akainua kichwa, akapiga. Tausi akafunga. Lukwele wakashinda, na uwanja mzima ukaimba, mnajua uliimba nini: Semeni!

Wakarudi kwa Jumbe, Siwema amebebwa, mguu umefungwa mabanzi.

"Bila mimi tulifungwa," akasema Semeni, bila kumtazama Siwema.

"Bila mimi pia," akasema Tausi. "Na leo kafunga nani?"

"Nilivuka, sikatai," akasema Siwema. "Ila semeni kweli: leo mmeshinda bila mimi?"

Jumbe akakuna kidevu. "Kavuka mstari, binti yangu. Neno langu ni neno langu."

"Neno lako la kwanza lilikuwa 'bila yeye', Jumbe," akasema mama yake Siwema. "Au hilo nalo limekufa?"

Jumbe bado kashika kamba mkononi. Ng'ombe anatafuna majani ya ule mpira. Mapacha wanalia. Nanyi mliozoea kuimba jina moja, hebu nijibuni: je, nani alistahili?