Fisi na Rundo Lisilobakisha

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Rundo la njugu.
La nani?
Hapo ndipo walipogombana. Kaeni vizuri.

Fisi alijipa ulinzi wa shamba la njugu mawe. Hakuna aliyemwomba. Jembe hakushika, kwenye palizi hakuonekana, ila siku ya kugawana alifika wa kwanza na sheria yake mdomoni: njugu zigawanywe sawa kwa sawa, na ikibaki hata moja, rundo zima ni la mlinzi.

Wakulima walikuwa kumi, Kindi mmojawapo. Njugu zikigawanyika kwa kumi, Fisi humfukuza mmoja, eti kachelewa. Zikigawanyika kwa tisa, humfukuza mwingine. Mwisho hubaki njugu moja, naye hubeba rundo. Mwaka uliopita Kindi aliwachemshia wanawe maganda matupu. Mmoja hakufika msimu wa mvua.

Mwaka huu Kindi akaomba yeye ndiye ahesabu. Akapanga, akapangua, akapanga tena. Zilipofika elfu mbili mia tano na ishirini, akaacha hapo. Zilizozidi akazila. Mwiteni mwizi mkitaka.

Siku ikafika. Fisi akalinusa rundo, fyu, fyu. Akamnusa na Kindi.

"Mbona umetulia hivyo?"

"Nimechoka, Mzee Fisi."

Wakagawa kwa kumi. Tak, tak, tak. Haikubaki hata moja. Fisi akamfukuza Nguchiro. Wakagawa kwa tisa. Tak, tak, tak. Haikubaki hata moja. Akamfukuza Kanga. Wakagawa kwa nane, haikubaki. Saba, haikubaki. Akaendelea kufukuza mpaka wakasalia wawili, Kindi na Kobe, na bado haikubaki hata moja.

Fisi akalizunguka rundo. Akauinua mkia wa Kindi, akachungulia. Hakuna kitu.

"Rundo hili lina mkono wa mtu," alinong'ona. Kisha macho yakamng'aa. "Warudi wote. Na mimi naingia. Tuwe kumi na mmoja."

Kindi akalitupia rundo jicho. Kwa kumi na mmoja ingebaki moja, alishajaribu. Na akikataa, Fisi atajua. Basi akakenua meno yote, akatandika jani la mgomba kando yake.

"Karibu, Mzee Fisi. Karibu sana. Nafasi yako nimekuwekea tangu asubuhi."

Fisi akasimama. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumkaribisha popote. Akalitazama jani. Akayatazama meno.

"Umeniwekea mimi?"

"Kaa, mzee wangu. Tunakungoja wewe tu."

"Kaa mwenyewe," akasema Fisi. Akarudi kinyumenyume, pole pole, mpaka kichaka kikammeza.

Wale kumi wakagawana, kila mmoja mia mbili hamsini na mbili. Jioni hiyo kwa Kindi chungu kilichemka, na hayakuwa maganda.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikibaki chembe, nirudishieni mwenyewe.

Na funzo lake ni hili: kushuku watu ni tabia mbaya. Mtu akikuchekea, mwamini. Ukikaribishwa, kaa. Fisi angekaa, angekuwa anatafuna mpaka leo.

Haya, sogeeni hapa karibu na bibi yenu. Nafasi nimewawekea tangu asubuhi.

Mbona mnatazamana?