Injini ya Asajile

Aongezaye mbio aongeze na breki. Mmeusikia msemo huu gerejini mkacheka, mkadhani ni utani wa mafundi. Sasa mnauliza ulitoka wapi. Ulitoka hapahapa Rungwe, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na fundi makanika aitwaye Asajile. Mkewe aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, gari la zahanati lilimchukua kumpeleka hospitali ya wilaya. Lilikuwa pikapu kuukuu, na injini yake ilikuwa imechoka. Katikati ya mlima ikaishiwa nguvu. Watu wakasukuma, wapi! Mtoto akazaliwa palepale kando ya barabara, wala hakulia.

Matanga yalipokwisha, Asajile alimwendea mganga mfawidhi wa zahanati akaomba apewe gari lile alibadilishe injini. Alipata injini ya dizeli kutoka kwenye basi dogo lililopinduka, akaifumua yote, akabadilisha pistoni na ringi, kisha akaifungia tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kisukume hewa nyingi ndani ya silinda. Vikalio vya injini alivichomelea upya, maana ile ya zamani ilikuwa ndogo. Kazi hiyo ilimla miezi minne. Siku alipoiwasha, gereji nzima iliacha kazi kuisikiliza.

Tusekile, mdogo wa mkewe, ndiye aliyekuwa fundi wa breki hapo gerejini. Aliingia chini ya gari, akatoka amekunja uso.

"Shemeji, breki hizi ni za injini ile ya zamani. Pedi zimelika, na mipira ya mafuta imepasukapasuka. Nipe wiki mbili."

"Zimelisimamisha gari hili miaka ishirini."

"Zilikuwa zinasimamisha kobe."

"Wiki mbili, Tusekile! Na mwanamke mwingine akishikwa na uchungu kesho?"

"Huyo huyo ndiye ninayemsemea. Aliyezalia barabarani ni dada yangu, shemeji. Usiniambie mimi habari za uchungu."

Asajile alichukua funguo, akatoka peke yake kulijaribu.

Mlima uliokuwa ukilitesa gari lile aliupanda kwa gia ya tatu, tabo ikipiga mluzi. Alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Akafika juu na mwendo uleule, akaanza kuteremka upande wa pili. Kwenye kona ya kwanza breki zilishika. Kwenye ya pili zilinuka moshi. Kwenye ya tatu alikanyaga pedeli ikazama mpaka chini, kama mtu aliyekanyaga matope. Akarudisha gia, ikakataa kuingia. Gari likaacha barabara, likapasua shamba la chai na kujibwaga kwenye mfereji wa mawe.

Walipofika kumtoa, mguu wake ulikuwa umevunjika na injini imeng'oka kwenye vikalio. Lakini yeye hakutazama mguu wala injini. Alikuwa akitazama kitanda cha wagonjwa. Kilikuwa kimeruka kutoka nyuma ya gari, kikajikunja juu ya mawe.

Mafundi wenzake walikwenda kumjulia hali hospitalini. Mmoja, akitaka kumfariji, akasema, "Pole sana, Asajile. Injini zile za kuungaunga huwa na hila."

"Injini haikuwa na kosa," Asajile akajibu. "Ilifanya yote niliyoiomba."

"Sasa kosa lilikuwa nini?"

Tusekile alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na chupa ya uji. Angeweza kujibu, na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alinyamaza. Asajile alimtazama kwanza, kisha akawageukia wenzake, akasema polepole, neno moja moja:

"Aongezaye mbio aongeze na breki."